Picha Zilizobaki Diski D

Nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kuwaambia watoto wa watu kwamba asiyejua kusoma ramani atapotea hata uani kwao. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani.

Nilipostaafu, mimi na mke wangu tulihamia Goba, kwenye nyumba tuliyokuwa tukiijenga kidogo kidogo kule kilimani. Haukupita mwezi, usharika ukanifanya katibu. Sababu ilikuwa moja tu: nilikuwa na kompyuta. Hakuna aliyeuliza kama naijua, nami sikuona haja ya kuligusia hilo.

Daftari la waumini lililokuwepo lilikuwa limeliwa na mchwa kuanzia herufi M. Nikawaambia wazee wa kanisa kwamba zama za daftari zimekwisha. Nikaichukua kompyuta yangu ya nyumbani, ile niliyoitumia kutungia mitihani, nikaiweka ofisini kwa mchungaji, na kwa miezi mitatu nikatengeneza kanzidata, yaani daftari la ndani ya kompyuta. Nilijifunza kwenye kitabu cha mwongozo nilichokinunua kimeshatumika, kilichochanika kurasa za mwisho. Nilijisemea kwamba mambo ya msingi huwa mwanzoni.

Kila muumini alikuwa na ukurasa wake: jina, mtaa, siku ya ubatizo, na picha. Picha nilizipiga mwenyewe kwa simu, kila Jumapili baada ya ibada, mtu mmoja mmoja mbele ya mlango wa buluu wa ofisi. Kisha nikazihamishia kwenye kompyuta. Fomu ilinitaka nionyeshe picha ilipo. Nikaonyesha, picha ikatokea kwenye kisanduku chake, nami nikaamini imeingia ndani na kukaa humo, kama mtu anavyoingia nyumbani na kuvua viatu.

Jamani, nililiringia lile daftari! Mgeni akija kumwona mchungaji, nilimpitisha kwanza kwangu. "Nitajie jina lolote," namwambia. Akitaja, nagonga, sura inatokea. Mke wangu alisema nimekuwa kama mtu mwenye sinema.

Mwaka wa pili usharika ukanunua kompyuta nyingine, mpya kwetu ingawa ilishatumika Ulaya, kutoka duka moja la Kinondoni. Ile yangu ya zamani nikaamua kuitoa zawadi kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye shule ndogo ya chekechea Temeke. Kabla ya kuitoa nilifanya mambo mawili kwa makini. Kwanza, nikalinakili faili la daftari kwenye flashi na kulihamishia kwenye kompyuta mpya. Pili, nikalifuta faili hilo kwenye ile ya zamani, nikamwaga na pipa la taka. Nilimhutubia mchungaji kwa robo saa kuhusu siri za waumini: majina na mitaa ya watu si vitu vya kuzurura Temeke.

Halafu nikajaribu kama limehamia salama. Daftari lilifunguka kwenye ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wangu. Ndiyo, nilijiandikisha namba moja, mbele ya mchungaji. Kisanduku cha picha kilikuwa kitupu, lakini siku zote kilikuwa kitupu, kwa sababu mpiga picha nilikuwa mimi na hakuna aliyekumbuka kunipiga. Nikaona jina langu limeandikwa sawasawa. Nikafunga, nikafunika kompyuta kwa kitambaa alichokifuma mke wangu, na Jumapili nikasimama mbele ya watu na kutangaza kwamba kazi ya kuhamisha daftari imekamilika bila dosari. Walipiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, kama inavyompasa mtu mnyenyekevu.

Zilipita wiki kama sita, akafariki mzee mmoja wa usharika wetu, fundi seremala, mtu mpole sana na asiyeongea. Tulimzika vizuri. Baada ya msiba mjane wake alikuja ofisini. Ni mama aliyenizidi umri kwa miaka mingi, mwembamba, anayetembea polepole lakini anayefika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kukusumbua. Nasikia kwenye kompyuta yako mna picha ya mzee wangu. Sie nyumbani tunayo ile ya kitambulisho tu, na ile si yeye, ni kama mtu aliyeletwa polisi. Nataka ya kuweka fremu, siku ya ibada ya shukrani."

Ibada hiyo ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

"Hilo ni jambo la dakika moja, mama," nikasema. Nikavuta kitambaa kwa madaha, nikaandika jina la marehemu, nikagonga.

Jina likatokea. Mtaa ukatokea. Mahali pa picha palikuwa peupe, na juu yake mstari wa maneno ya Kiingereza uliosema kwamba faili hilo halipatikani mahali palipotajwa. Nikagonga jina la mke wangu. Peupe. Nikagonga la mchungaji. Peupe. Niligonga watu kama ishirini, na wote walikuwa wameondoka.

Mama wa watu alikuwa ameketi ananitazama kwa utulivu. Nikafanya kile ambacho watu wengi wa heshima hufanya wakishikwa pabaya.

"Mtandao upo chini leo," nikasema.

Daftari lile halikuwahi kuhitaji mtandao hata siku moja.

"Ah, mtandao," akasema. "Basi nitarudi kesho."

Kesho yake alirudi. Nikamwambia umeme ni mdogo. Siku ya tatu alirudi tena, na safari hii alikuwa na karanga za kuchemsha ndani ya kitambaa, za moto bado. "Za kwako, Mwalimu, kwa usumbufu ninaokupa." Nikala karanga zake huku nikimweleza kwamba mfumo unajisasisha. Sijawahi kula kitu kitamu kikanipita kooni kwa shida kama zile karanga.

Usidhani nilikaa bure siku hizo tatu. Nilifungua ule ukurasa wa marehemu kwa ndani, mahali fomu inapoweka maelezo yake, nikakuta mstari huu mrefu: D:\Mitihani\Kidato cha Tatu\Ramani\Picha\147.jpg. Nikafurahi sana. Kumbe picha ziko D! Nikabofya D. Kompyuta ikakoroma kidogo, ikafungua mlango wa kuwekea CD, ikanitolea ulimi. Nikaurudisha ndani. Nikabofya tena, ikanitolea tena. Kwenye mashine ile mpya, D ilikuwa ni mlango wa CD na si kitu kingine, lakini mimi niliurudisha ndani mara nne nikitumaini itabadili mawazo.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kompyuta ina virusi.

"Ulipoihamisha ulisema haina dosari," akasema, akiendelea kuchambua mchicha.

"Virusi vimeingia baadaye."

"Baba, nenda dukani walikoinunua. Waambie ukweli, usiende na hivyo virusi vyako."

Nikaenda Kinondoni na daftari langu kwenye flashi. Duka lile ni la familia ya Kihindi, Mashia, waliokuwepo mtaani hapo tangu enzi za mashine za taipu. Mwenyewe anayejua kazi ni mama mtu mzima, mwenye hijabu nyeusi na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine umening'inia shingoni. Nilianza na virusi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachomeka flashi, akatazama ule mstari mrefu, akabadilisha miwani, akautazama tena.

"Mwalimu, picha zenyewe ziko wapi?"

"Si ndani ya daftari?"

"Ndani hamna picha hata moja. Humu umeandika njia ya kwenda kwenye picha. Ingia D, pita Mitihani, pita Kidato cha Tatu, pita Ramani, utakuta folda ya Picha, humo utamwona mtu wako. Kwenye kompyuta ya zamani njia hiyo ilikuwepo. Kwenye hii mpya haipo. Daftari linakwenda, linafika hapa D, linakosa njia, linarudi mikono mitupu."

"Kwa nini nilipitia Kidato cha Tatu?" nikauliza, swali ambalo yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuniuliza.

"Labda ndiyo folda iliyokuwa wazi siku unahamisha picha kutoka kwenye simu. Wewe ulifundisha somo gani?"

"Jiografia."

Akakohoa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la hijabu, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Kompyuta ya zamani iko wapi?" akauliza alipokuwa tayari.

"Niliitoa zawadi."

"Uliifuta?"

"Nilifuta kilicho muhimu. Daftari."

"Na hizo folda za mitihani?"

"Zile niliona hazina maana. Niliziacha."

"Alhamdulillahi," akasema. "Bahati yako hukujua."

Akanieleza namna ya kurekebisha, akiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama ananiandikia dozi. Nitengeneze folda moja tu, ndani yake daftari, na pembeni ya daftari folda ya picha. Kwenye kila ukurasa niandike jina la picha peke yake, 147.jpg, basi. Kisha fomu iambiwe: popote ulipo, angalia folda iliyo pembeni yako. Nikihama, nibebe folda nzima. Iwe D, iwe C, iwe flashi, vitakuwa pamoja. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikampigia shemeji hapo hapo barazani.

"Shemeji, ile kompyuta bado ipo?"

"Ipo. Usiniambie unataka kunyang'anya zawadi."

"Siitaki. Nauliza tu kama kuna folda moja, ipo ndani ndani huko..."

"Ile ya watu wamesimama mlangoni?"

Nilitaka kuruka. "Hiyo hiyo! Sikiliza, usiiguse kabisa!"



"Shemeji," akasema taratibu, "tumeshaigusa kidogo."

Nilifika Temeke asubuhi ya pili yake. Watoto walikuwa wameketi kwenye viti vidogo, wakasimama wote, "Shi-ka-moo mwa-li-mu," nikaitikia nikiwa nimeshaacha kuwatazama. Ukutani, juu ya ubao, palikuwa na safu ya picha kubwa za rangi, zimechapishwa vizuri na kupigwa plastiki. Shemeji alikuwa na somo la hisia. Alikosa picha za Waafrika kwenye vitabu alivyonavyo, akapekua kompyuta, akakuta sura mia tatu na kitu za watu wazima mbele ya mlango wa buluu. Akachagua zilizomfaa.

Mchungaji wetu, aliyeshtushwa na mwanga wa simu yangu, alikuwa amebandikwa chini yake neno MSHANGAO. Kiongozi wa kwaya alikuwa HUZUNI. Mzee wa kanisa mmoja, anayesimamia nidhamu na ambaye hata mimi namwogopa, alikuwa HASIRA, na watoto walikuwa wamemzoea hivyo hata mmoja alikuwa amemchora kando yake. Mke wangu alikuwa UCHOVU.

"Huyu si dada yako?" nikauliza.

"Ndiye," shemeji akasema. "Anaishi na wewe."

Na katikati, kubwa kuliko zote, alikuwepo yule fundi seremala. Kichwa kimeinuka, macho yamefumba, mapengo yote nje. FURAHA.

Nilianza kumgombeza shemeji kuhusu siri za waumini. Aliniacha niende mpaka nusu, kisha akaniuliza kwa upole: "Si ulimwambia dada kwamba umefuta kila kitu? Mie nilijua ni picha za kwenye intaneti." Nikainakili folda nzima kwenye flashi, nikafungua picha moja moja kuhakikisha kwamba safari hii ni picha, na namba mia moja arobaini na saba niliifungua mara tatu.

Sasa ningeweza kuchapisha picha, nikamkabidhi yule mama, nikasema mfumo umekaa sawa. Niseme ukweli, hilo lilikuwa wazo langu la kwanza. Lakini mke wangu, nilipomsimulia yote, aliniuliza swali moja tu: "Na karanga zake ulikula?"

Nikaenda kwake siku hiyo hiyo. Anakaa mteremko wa pili kutoka kwetu. Nikamweleza kila kitu, kuanzia makofi ya Jumapili mpaka ukuta wa Temeke. Alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani.

"Kwa hiyo mtandao haukuwa chini," akasema.

"Haukuwa, mama."

"Na umeme?"

"Ulikuwepo."

"Nilijua. Feni ilikuwa inazunguka."

Nikatamani sakafu yake ya saruji inimeze.

"Sasa kwa nini ulikuwa unarudi, mama, na wewe unajua nadanganya?"

"Niliona umeipoteza, na unaitafuta. Nikasema nikiacha kuja, utaacha kutafuta." Akaitazama ile picha niliyomletea, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu. "Huyu ni yeye kweli? Tumekaa miaka arobaini na mitatu, mimi sijamwona anacheka mpaka huku nyuma. Ulimwambia nini?"

Ikabidi nieleze na hilo pia. Sikumwambia kitu. Siku ile nilikuwa narudi nyuma kupata picha nzuri, nikikagua mwanga kama mtaalamu, nikaingia mguu mmoja kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki. Nikaanguka na kukaa. Simu ilijibonyeza yenyewe nikiwa njiani kwenda chini. Ndiyo maana mlango umelala upande.

Yule mama alianza kucheka taratibu, mabega tu, halafu sauti ikatoka, halafu akalia, halafu akacheka tena, na mimi nikabaki nimeketi pale sijui niitikie kipi. Alipopata pumzi akafuta uso kwa kanga.

"Nipeleke Temeke," akasema. "Nataka kumwona alivyokaa kwa watoto."

Tulikwenda Jumatatu. Shemeji alitaka kumpa kiti kikubwa, akakataa, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu. Binti mmoja mdogo akamsogelea.

"Bibi, unamjua Furaha?"

"Namjua."

"Anakaa wapi?"

Mama akafikiri. "Alikuwa anakaa kwangu. Sasa yupo hapa kwenu."

Yule mtoto akaridhika na jibu hilo, akarudi kwenye kiti chake. Mama akamwambia shemeji picha ile isiondolewe.

Zilizobaki zilikuwa habari nyingine. Mchungaji, baada ya kumaliza kucheka kuhusu MSHANGAO, alirudi kuwa mchungaji. Alisema picha za watu zilipigwa kwa kazi moja na zimetumika kwa nyingine, na mimi ndiye niliyeahidi kuzilinda. Nisimame mbele ya usharika niseme. Nikasimama Jumapili, mahali pale pale nilipopigiwa makofi. Nilieleza habari ya njia na D na mlango wa CD, na safari hii nilisikilizwa kuliko siku zote, hata wale wa viti vya nyuma. Nikawaomba radhi wote. Nikasema anayetaka picha yake iondolewe Temeke aje aniambie.

Alikuja mmoja tu, mzee wa nidhamu. Hakutaka iondolewe.

"Nataka ibadilishwe," akasema. "Mie siyo mtu wa hasira. Nipige nyingine."

Alikuja na tai. Nilimpiga picha kumi na moja mbele ya mlango wa buluu, na kila moja nilimwomba atabasamu, naye kila mara alinijibu, "Si ndiyo natabasamu?" Shemeji alizipitia zote, akachagua ya nane, akambandikia neno jipya: KUFIKIRI. Mzee ameridhika kabisa, na ameanza kuwaambia watu.

Kurekebisha daftari kulinichukua wiki nzima. Nilifuta Mitihani na Kidato cha Tatu na Ramani kwenye kurasa mia tatu na kitu, moja moja kwa mkono. Baadaye yule mama wa Kinondoni aliponiambia kwa simu kwamba kuna namna ya kuzibadilisha zote kwa mara moja, kwa amri ya mstari mmoja, nilimwambia nilishaijua ila nilipenda kazi ya mikono. Akakohoa.

Ibada ya shukrani ilifanyika. Fremu iliwekwa mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mlango wa buluu umelala upande, na mzee wetu asiyeongea akiwacheka watu wote waliokuja kumwombolezea. Kwanza watu walitazamana. Kisha mjane akasimama, akawasimulia habari ya ndoo, bila kuacha hata tone la maji, akininyooshea kidole pale nilipoketi.